Vazi la nje la Kichina litajwe kwa jina na majira yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe ombi kwa waandishi wa habari za utamaduni. Kila zinapofika sherehe za Mwaka Mpya wa Kichina, picha nyingi za mavazi huchapishwa magazetini zikiwa na neno moja tu chini yake, qipao, hata pale mvaaji anapokuwa amejifunika joho pana lisilofanana kabisa na gauni hilo lililoenea Shanghai katika miaka ya 1920. Mimi hufundisha ushonaji, na kosa hili linaniuma kwa sababu linaficha ustadi mkubwa wa mafundi walioshona kwa kufuata hali ya hewa.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ninaoujua ulitoka Changsha, mji wa kusini mwa China, mwaka 1972, lilipofukuliwa kaburi la bibi mmoja wa tabaka la watawala, Xin Zhui, aliyezikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Humo ilipatikana kanzu ya shashi ya hariri, yenye mikono mirefu na ukosi kamili, ambayo uzito wake wote ni gramu 49. Katika kaburi hilohilo zilikuwamo pia kanzu nene zilizojazwa nyuzi za hariri kati ya kitambaa na bitana. Changsha ni mji wenye joto la unyevunyevu wakati wa kiangazi na baridi kali mwezi Januari, kwa hiyo anayezitazama kanzu hizo kwa jicho la fundi anauona mwaka mzima wa bibi yule.

Kwa siku za kati, ambapo asubuhi ni baridi na mchana jua huwaka, watu wa enzi ya Song (960–1279) walikuwa na beizi, vazi lililo wazi mbele kutoka shingoni hadi chini na lenye mipasuo ubavuni, ambalo msomaji wa pwani aliyezoea kuona joho juu ya kanzu atalielewa mara moja. Kilimo cha pamba kilipoenea katika enzi zilizofuata za Yuan na Ming, koti la kujazwa pamba, mian'ao, likawafaa hata watu wa kawaida. Magua, koti fupi la wapanda farasi wa Kimanchu, watu wa kaskazini-mashariki mwa China, lilivaliwa juu ya kanzu ndefu, na la majira ya baridi liliweza kutiwa bitana ya manyoya.

Guangdong nako, mkoa wa kusini mwa China, hariri ya kiangazi hulowekwa mara nyingi katika maji ya aina ya kiazi kikuu, ikaanikwa juani, kisha ikapakwa tope la mto, na chuma kilichomo topeni huugeuza upande mmoja kuwa mweusi wa kung'aa huku wa pili ukibaki wa kahawia. Kazi ya namna hii haistahili kuitwa "gauni la Kichina" na kuachwa hapo.

Ninachoomba ni kwamba mwandishi amuulize mvaaji jina la vazi lake na majira yake, na akilikosa jina aandike anachokiona: joho la shashi la kiangazi, au koti la baridi lenye pamba ndani.

Wako,
Mwalimu wa ushonaji,
Tanga