Kwa mwanangu, kabla hujapanda treni ya Voi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeiweka chini ya blanketi kwa sababu nyumba imekosa nafasi ya mimi na wewe kuzungumza. Tangu Jumapili wageni wanaingia na kutoka, mamako anapokea hongera kama ya harusi, na kila nikitaka kukuita barazani shangazi yako anakutuma kitu. Na simu si mahali pa maneno haya. Isome ukishafika Mwatate na kutulia, usiisomee njiani.

Kwanza hongera. Nimekupa mara moja tu, najua, na mamako amenilaumu. Lakini ile orodha ya majina ya waliochaguliwa kuwa mawakili wa kaunti ya Taita Taveta nimeichapisha pale kwenye saiba, nimeikunja pamoja na kadi yangu ya zamani ya kazi. Jana mwenye duka aliniuliza wakili wa kaunti hufanya nini hasa, kama ndiye anayefunga watu. Nikamweleza kwamba kufunga watu si kazi yako. Nikamwambia kaunti nayo hushtakiwa kama mtu yeyote: kwa ardhi, kwa kandarasi isiyolipwa, kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila kusikilizwa, kwa mtu aliyetumbukia mtaroni usiku. Na wewe ndiye utakayesimama mbele ya hakimu kusema upande wa kaunti. Nikamwambia tena kwamba ofisi hiyo ina sheria yake tangu 2020, na kwamba wakili mkuu wa kaunti hupendekezwa na gavana na kupitishwa na bunge la kaunti. Nilisimama pale hadi adhana ya magharibi.

Hukuniomba ushauri ulipoacha ile kampuni ya mawakili hapa mjini. Uliniarifu tu, tena baada ya kumwambia nduguyo. Siyarudii hayo. Nimeyataja ili ujue nimeyaona.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Ni ilani.

Kila kesi utakayoikuta mezani, mwanangu, ndani yake mna karatasi inayosema watu waliambiwa. Waliambiwa kibanda kitabomolewa. Waliambiwa ada imepanda. Waliitwa kwenye kikao cha maoni kuhusu mswada wa fedha. Na chini ya karatasi hiyo mna mhuri na sahihi ya karani. Wewe utaichukua hiyo karatasi, uiambatanishe na hati ya kiapo, uipeleke mahakamani. Nakuomba, kabla hujaipeleka, umtafute huyo karani umuulize: nani alibandika, alibandika wapi, siku gani, na nani alimwona. Usimuulize kama ilani zilitoka.

Nakueleza kwa nini. Wakili wa baraza letu la mji, enzi zile nikiwa karani wa masoko, kabla kaunti hazijaanza 2013, alikuwa kijana wa umri wako wa sasa. Msafi, mpole, Kiingereza chake kizuri. Kwa haki ya Mungu hakuniambia niseme uongo. Aliniuliza, "Mzee, zile ilani zilitoka?" Nikamjibu zilitoka. Na kweli zilitoka. Zilitoka kwenye mashine, arobaini na kitu, nikazipiga mhuri wa zambarau moja moja, nikazifunga kwa ukanda wa mpira, nikazitia kwenye droo nikingoja amri ya kuzibandika. Amri iliyokuja ni ya tingatinga. Lilifika sokoni baada ya alfajiri, na mchana nilipofungua droo kutafuta wembe nikazikuta zimelala pale pale, na ukanda wake.

Wale wenye vibanda walipokwenda mahakamani niliwekewa hati ya kiapo tayari imechapwa. Aya ya saba ilisema mimi, karani wa masoko, nilibandika ilani mahali pa wazi siku kadhaa kabla. Palikuwa na alama ya kalamu ya risasi kuonyesha mahali pa sahihi. Mhuri wa kamishna wa viapo ulikuwa umeshagongwa, mwenyewe sikumwona. Yule kijana hakuwahi kukanyaga soko lile. Angekuja hata mara moja akauliza watu watatu tu, angejua. Kesi yao ilitupwa. Mwaka huohuo nilihamishiwa ofisi ya juu, yenye feni.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini una kumbukumbu kali kuliko mamako. Uliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini tuliacha kupita ile njia ya karibu kwenda chuoni, tukawa tunazunguka kwa nyuma ya kiwanda cha barafu. Nilikuwa nakwambia mbele kuna matope. Mama wa mahamri unamkumbuka, sina haja ya kukueleza. Karai lake lilibaki pale karibu na mfereji wiki nzima, limebanwa likawa kama sinia, na hakuna aliyeliokota.

Basi ndiyo maana nasema ilani, ilani, ilani, na nitasema tena.

Sheria za siku hizi zinakusaidia kuliko zilivyomsaidia yule kijana. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi inadai ilani ya miezi 3 kabla ya kumwondoa mtu aliyekaa kwenye ardhi bila idhini, na hata siku ya kumwondoa ina masharti yake. Na wewe mwenyewe ndiwe uliyenipa nikasome habari ya wale wakazi wa Mitumba, kule karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Walipewa siku 7 za kuhama mwaka 2011. Mahakama ya Juu ilikuja kutoa uamuzi wao 2021. Fikiria mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile mabati yanaanguka, alikuwa wapi siku ile majaji wanasoma. Wanaoshinda wanashinda, lakini wanashinda wakiwa wazee.

Hata ushuru ni hivyo hivyo. Sheria ya fedha ya Kiambu ya 2013 ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka uliofuata kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Aliyeandika tangazo la vikao labda alidhani amefanya kazi yake, kama mimi nilivyodhani kupiga mhuri ndiyo kazi. Sasa wewe ukiletewa orodha ya waliohudhuria kikao, iangalie kwa macho ya mtu aliyewahi kuandika orodha kama hizo. Mwandiko ukiwa mmoja kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, usiitumie. Sahihi zikifanana mikia, usiitumie. Waliokuja mkutanoni kwa hiari yao kila mmoja huandika kwa namna yake, wengine huvuka mstari, na wapo wasiojua kuandika watakaotia dole gumba.

Taita Taveta siyo Mombasa. Kule sehemu kubwa ya ardhi ni mbuga ya Tsavo, na nyingine ni mashamba ya mkonge, na wenyeji wamebanwa katikati na ndovu wanawalia mahindi yao. Kwa hiyo utakutana na maskwota, na kesi zao ni nzito kuliko faili zinavyoonyesha. Wapo waliozaliwa pale, wakazika wazee wao pale, na hawana hata kipande cha karatasi. Na huo mvutano wa mpaka na Kwale pale mjini Mackinnon Road, usikubali wakubwa wakufanye wewe uumalize kwa barua kali. Mpaka wa kaunti haubadilishwi na askari wa ushuru wala na wakili. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru na Bunge. Wewe angalia tu mwenye duka asitozwe na pande mbili.

Kuna jingine ulinieleza Idi iliyopita, kwamba anayeidai serikali kwa madhara aliyoyapata ana miezi 12 ya kufungua kesi, na kwa mkataba miaka 3. Ulilisema kwa furaha, kama silaha mpya. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo. Miezi 12 kwa mama aliyevunjika nyonga, anayezungushwa dirisha moja hadi jingine na kuambiwa arudi wiki ijayo, ni muda mfupi sana. Kama ofisi yenu ndiyo iliyomzungusha, halafu wewe ukasimama useme amechelewa... Sisemi usitumie sheria. Umeapa kumtetea mteja wako na mteja wako ni kaunti. Nasema soma kwanza barua zote alizoandika, na tarehe za mapokezi, ujue nani alimchelewesha. Na akishinda, usimfiche kinachofuata. Mnajua nyinyi mawakili kwamba hawezi kuleta dalali akanadi gari la kaunti, sheria imewakinga. Itabidi arudi tena mahakamani kutafuta amri ya kumlazimisha mkuu wa malipo. Wengi hawarudi. Wewe ukiona deni halali, mwandikie mkuu wako mapema alipe, tena kwa maandishi, ubaki na nakala.

Nakala, mwanangu. Kila ushauri utoe kwa maandishi. Wakikupigia simu usiku wakasema saini maridhiano haya kesho asubuhi, sema ndiyo nitayasoma. Ukiona wakili wa nje analipwa mamilioni kwa kesi ambayo nyinyi mngeiendesha, uliza kwa barua. Ukijibiwa kwa mdomo, andika jibu hilo na tarehe. Mimi ningekuwa na karatasi moja tu inayosema niliambiwa nizishikilie zile ilani, ningelala tofauti miaka yote hii. Lakini sikuiomba. Niliogopa kuonekana mbishi.

Mamako hajui habari ya aya ya saba. Usimwambie kwa simu.

Mshahara wa kaunti huchelewa, watu wote wanalia. Usikope kwa simu. Weka cha miezi 2 kabla hujaanza kutuma nyumbani, na tangi letu litangoja. Maji bado yanakuja mara moja kwa wiki na mengine tunanunua kwa mkokoteni, lakini tumezoea. Nduguyo amesema ataibadilisha ile koki inayovuja. Alisema hivyo tangu Ramadhani. Mnazi wa nyuma umeegemea ukuta wa jirani na jirani ameanza kusema. Nimemwambia nitaukata yeye akiwepo, asije akasema hakuambiwa.

Presha ya mamako imeshuka kidogo. Dawa anameza ukimpigia wewe, akikumbushwa na mimi ananuna. Kwa hiyo piga Ijumaa, na usifanye kama ulivyofanya wakati wa hitima ya marehemu bibi, kutuma pesa na kunyamaza. Pesa zilifika. Watu walikuulizia wewe.

Kule ukipanda Wundanyi kuna baridi hasa. Blanketi ni zito makusudi, usimpe mtu. Ndani yake nimefunga viatu vyangu vile vya ngozi vya soli nene. Najua ni vya kiume na ni vikubwa kidogo, tia soksi mbili. Ni vya kwendea kwenye mashamba na masoko kabla hujaandika utetezi wako. Vya mahakamani utanunua mwenyewe.

Achari ya embe ipo kwenye chupa ya kahawa, nimeizungushia gazeti. Ifungue karibu na sinki, imejaa mafuta.

Yule mama wa mahamri ameshafariki. Mwanawe wa kike anauza pale pale karibu na msikiti, kwenye kibanda cha mabati. Juzi nilipita ile njia ya karibu, nikanunua mahamri manne na mbaazi. Hakunijua. Niliketi nikala, nikatazama ukutani kwake kama kuna ilani yoyote imebandikwa. Hakukuwa na kitu. Nitapita tena Alhamisi.

Ukifika piga kwa simu ya mamako, yangu haikai chaji.

Babako