Mwezi haukututoroka

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu,

Salamu sana, na za Bi Mkubwa zimo humuhumu. Sisi wazima, ni mafua tu ya watoto. Najua unanidai barua tangu Ramadhani, nisamehe. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya neno moja linaloninyima usingizi.

Unakumbuka Jumapili ile, 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa? Sisi tulitandika mkeka nje baada ya Isha. Ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, rangi ya damu ya mzee, ukakaa hivyo dakika 82. Mama Sele aliinua uso juu mpaka mihogo ikamuungulia kwenye karai.

Basi juzi mwanangu ananiambia kupatwa ni neno la kizee, la kitaalamu ni eclipse. Nikamwambia haya, tulifuate hilo la kitaalamu limetoka wapi. Waingereza wamelipata kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, na Kilatini kimelichukua kwa Wagiriki: ekleipsis. Maana yake kuacha, kutoonekana pale unapotarajiwa. Yaani jua limewatupa! Haya, utaalamu uko wapi hapo?

Kwetu mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba, na mwezi nao hupatwa vivyo hivyo. Haukumwacha mtu. Ulikuwa palepale, kivuli cha dunia ndicho kilichouangukia, na sisi tukiutazama umeiva kama mgonjwa wa homa. Lile la Kigiriki ni neno la hofu, shoga. Mwaka 413 kabla ya Kristo jemadari wao Nicias alikuwa tayari kuondoka Syracuse, mji wa kule Sisilia, na merikebu zake, mwezi ukapatwa, waaguzi wakamwambia angoje siku 27. Alingoja, na jeshi likaangamia lote. Nilipomsimulia hilo mwanangu alikaa kimya, kisha akaenda kuchukua daftari.

Sasa nisaidie. Bibi yako alikuwa akisema maneno gani pale tulipokuwa tunagonga sufuria mwezi ukipatwa? Mimi nakumbuka mlio tu, maneno yamenitoka kabisa. Mama yako anayakumbuka? Na huko Bagamoyo mliuona, au mawingu? Msikitini kwenu waliswalisha ya khusufu, ile swala ya mwezi ukipatwa? Wanao wanasema kupatwa, au nao ni eclipse tu?

Niandikie upesi, ukurasa wa daftari nimeuacha wazi.

Ni mimi shogayo,
Mama Mwana