Kwa nini vizibo vyako vinanata

Kariobangi, Nairobi

Ndugu Musyoka,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Picha za vizibo vya chupa unavyokereza kwa mti nimeziangalia moja moja. Maumbo ni mazuri, hasa kile cha mzeituni chenye shingo nyembamba. Ule weupe na kunata unaoulizia hausababishwi na mti. Ni shelaki, ile polishi uliyopaka. Shelaki huyeyushwa kwa spiriti, na ndani ya wiski au divai kuna alkoholi kama iliyo ndani ya spiriti, imepunguzwa tu. Tone likichuruzika mdomoni mwa chupa, au mtu akishika kizibo kwa vidole vilivyolowa, polishi inalainika papo hapo. Shelaki iachie viti na kabati.

Kwa kizibo tumia laka, ile vanishi inayokauka upesi, au supagluu nyepesi. Laka ya kupuliza ni ya haraka, ila usiipulize wakati wa mvua za Aprili wala asubuhi za baridi za Julai. Thina ikikauka hupoza uso wa mti, unyevu wa hewa unanaswa ndani, na laka inafifia kuwa nyeupe.

Mimi napendelea supagluu. Punguza mwendo wa mashine ya kukereza hadi mizunguko 500 hivi kwa dakika. Kunja tishu ya jikoni, weka matone mawili, pitisha kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja, basi. Ukirudi nyuma, gundi imeshaanza kushika, na unaacha matuta. Kitambaa cha pamba usikiguse kabisa: supagluu ikikutana na pamba hupata moto na kufuka moshi, na vidole vyako ndivyo vitakavyoungua. Tabaka nane nyembamba zinatosha, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Ukijaza tabaka nene itatoka na mapovu meupe. Malizia kwa msasa wa maji, namba 600, 1000, kisha 2000. Vaa miwani na uache mlango wazi, maana mvuke wake unachoma macho.

Hayo yote ni bure kama mti haujakaushwa. Vipande vya mzeituni unavyookota kwa mafundi mara nyingi vimekatwa juzi. Paka nta kwenye ncha zote mbili, kisha pima kila kipande kwa mizani ya jikoni wiki kwa wiki. Uzito ukiacha kushuka, kereza. Jakaranda hukauka upesi na ni rahisi kuipata, lakini ni laini: patasi butu inang'oa nyuzi, na hakuna msasa utakaoficha hilo. Mpingo ni kinyume chake. Ni mgumu, na ukiwabembeleza wachongaji wa soko la Gikomba watakuuzia vile vipande vya mwisho. Mti huu una mafuta, kwa hiyo gundi haishiki vizuri. Ufute kwa asetoni, na upake gundi mara asetoni ikikauka, kabla mafuta hayajapanda tena. Usiukandamize kwa msasa pia, kwani ukipata joto unatoa nyufa nyembamba kama unywele. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na la mvule vilevile, basi barakoa isikose.

Sasa lile swali lako jingine, la kizibo kukaa upande. Hapo tatizo ni tundu. Anza na kipande cha milimita 40 kwa 40, urefu 60, na utoboe kabla ya kukereza, kwa keekee ya milimita 10, kina 25. Toboa kwenye mashine yenyewe, si kwa mkono. Kijiti cha kuingia humo, kile kinachounganisha mti na koki (kipande laini kinachoingia mdomoni mwa chupa), kichonge mfereji mdogo ubavuni, la sivyo gundi iliyonaswa chini itakisukuma kijiti nje, au ipasue mti. Gundi ikikauka, kijiti ndicho unachokibana kwenye taya za mashine. Acha ncha ya nyuma ya mashine ikishikilie kipande kutoka upande wa pili hadi umbo likaribie kuisha; kijiti peke yake kitatetemeka na kuacha mawimbi.

Sehemu ya chini inayokutana na koki, ichimbe kidogo sana katikati, ili ukingo tu ndio uguse. Ukiiacha bapa, uvimbe mdogo tu unaleta mwanya, na mwanya huo ndio mnunuzi anaouona kwanza. Koki igandishe kwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Chupa nyingi za divai zina mdomo wa milimita 18 na ushei kwa ndani, kwa hiyo koki iwe na 17 chini na kama 22 juu.

Kichwa cha kizibo kinanyonya polishi kuliko ubavu, kwa sababu hapo nyuzi zimesimama. Kipe tabaka mbili za ziada, na kabla ya hapo simamisha mashine ukifute kwa msasa wa 400 kwa mkono, mikwaruzo ya mviringo iondoke.

Vile vilivyokwisha kunata usivitupe. Futa shelaki yote kwa spiriti, acha vikauke hadi kesho yake, uanze tena na msasa wa 240. Ukija mjini nibebee viwili vitatu vya jakaranda, nitazame makali ya patasi yako yanafanya nini.

Wako,
Njoroge