Matairi Hayapumziki Juani

Morogoro,
14 Agosti

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Mji Kasoro Bahari. Ujumbe wako nimeupata na habari ya safari imenifurahisha. Miezi tisa si mingi, utarudi hata ile sufuria yangu hujanirudishia. Ila kuna mstari mmoja nimeurudia mara tatu. Umesema gari unaliacha pale uani Nzuguni "na matairi nayo yapumzike." Somo, matairi hayapumziki juani. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta, maana kwa aibu sikukwambia yote.

Unakumbuka mwaka ule nilipoumwa mgongo? Gari lilikaa nje huko huko Dodoma, kwenye nyumba ya kupanga, tangu Mei mpaka mvua zilipoanza Desemba. Ubavu wa kushoto ulitazama magharibi, ukalipokea jua kila siku kuanzia saa saba mpaka linazama. Wa kulia ulijibanza ukutani. Nilipopona nikaangalia kashata za matairi, yale meno yanayokanyaga barabara, nikaziona nene, nikajaza upepo, huyoo nikashika njia ya Morogoro. Kibaigwa nikapita salama. Nikikaribia Gairo, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Mlio kama wa bunduki, usukani ukanicheza mikononi, na bahati nyuma yangu hapakuwa na lori. Nilisimama karibu na kina mama wauza viazi vitamu. Mmoja akaniletea jiwe la kuzuia gurudumu kabla hata sijafungua mlango.

Fundi aliyekuja kunisaidia hata hakuhangaika na kashata. Alichuchumaa kwenye tairi la mbele kushoto, lile lililobaki zima, akalibonyeza ubavuni kwa dole gumba. Mpira ukafunguka vinyufa vingi vyembamba, magaga matupu, kama kisigino cha mtu anayelima peku. Akanizungusha upande wa kulia, akabonyeza tena. Laini, hakuna kitu. "Dada, haya yote ulinunua siku moja?" Siku moja, duka moja. Akacheka: "Basi haya ya kushoto yameota sana jua."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuulizauliza. Kumbe mpira wenyewe kwa asili si mweusi. Weusi wa tairi ni masizi yanayochanganywa kiwandani, na kazi yake mojawapo ni kuukinga mpira na mionzi ya jua. Yule mtu mnene wa kampuni ya matairi ya Michelin alichorwa mweupe mwaka 1898 kwa sababu matairi ya enzi zile hayakuwa meusi. Ndani ya mpira kuna pia nta na dawa za kuzuia hewa ya ozoni isiukatekate. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa letu lilipo: tairi linapozunguka hujikunja na kujikunjua, na kule kujikunja ndiko kunakosaidia nta ipande juu na kulipaka tairi ngozi mpya. Gari likisimama miezi, ile nta ya juu inakwisha na nyingine haipandi ya kutosha. Ndiyo maana gari la kuegeshwa linaweza kuharibikiwa matairi mapema kuliko daladala inayoshinda barabarani, na kashata zikabaki nzuri za kumdanganya mtu kama mimi.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujapanda ndege, lisogeze gari chini ya ule mwarobaini. Lakini usiuamini mti peke yake, jioni kivuli chake kinahamia kwa jirani. Upande wa magharibi egesha vipande vya plaiwudi mbele ya magurudumu, au ning'iniza magunia au shuka kuukuu ya rangi nyeupe. Nailoni nyeusi usiweke, utakuwa unayapika. Na tairi la akiba lililobebwa mgongoni mwa gari lako nalo ni tairi, linapigwa jua lile lile kila siku, na siku ya shida ndilo utakalolikimbilia. Livishe kava.

Upepo jaza asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mpwa wako naye asiwe anawasha injini tu na kuzima. Kila baada ya wiki mbili aliendeshe gari mpaka viwanja vya Nanenane na kurudi, ili matairi yajikunje, na yasikalie sehemu moja mpaka yakaingia bapa. Na uwakataze vijana wa kuosha magari wasiyapake dizeli ili yang'ae. Mafuta yanalainisha mpira na kuuvimbisha. Maji na sabuni kidogo vinatosha. Mimi nilikuwa nawalipa ziada kwa huo mng'ao!

Jambo jingine, tazama ubavuni palipoandikwa DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu litengenezwe litolewe hata kama linaonekana zima. Yangu yale nilikuja kusoma namba yakiwa yamelala kwa fundi Gairo, na sikutaka kumwonyesha mtu.

Jumamosi ya wiki ijayo nina safari ya Dodoma. Nitapita Nzuguni na vile vipande vyangu vya plaiwudi, viko vinne, nimevipaka chokaa. Uwepo nyumbani saa nne, na sufuria yangu uiweke mlangoni.

Wako,
Somo