Mchanga wa bure, mapafu ya nani?

Bwana Mhariri,

Jumanne iliyopita, nikiwa kwenye matatu ya Miritini, niliona vijana wawili wakipiga mchanga tangi la trela, kulitoa kutu, kando ya barabara. Mmoja ameshika nozeli, mwenzake anajaza mtungi kwa sepetu, na usoni wamejifunga fulana tu. Wingu la vumbi lilimfikia mama muuza mahamri ng'ambo ya pili.

Nilishuka. Mwenye karakana akanijibu kwa heshima: "Mzee, mchanga ni wa bure."

Kazi hiyo naijua. Miaka kumi na tisa nimekwangua kutu kwenye matumbo ya meli. Mchanga ukigonga chuma kwa nguvu ya kompresa hupasuka ukawa vumbi la silika, jembamba hata jicho halilioni, na likishaingia pafuni halitoki. Mwenzangu tuliyekuwa tukipokezana nozeli alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, kikohozi kikabaki palepale. Eksirei ndiyo iliyotoa siri: ni vumbi la silika, si kifua kikuu. Uingereza walikataza mchanga katika kazi hii tangu 1949.

Baadaye tajiri wetu alileta griti ya chuma, yaani chembechembe za chuma za kupiga badala ya mchanga, mifuko ya kilo 25. Tulinung'unikia bei. Lakini mchanga ukishapigwa mara moja umekwisha, ilhali griti unaizoa, unaichekecha, unaipiga tena, zaidi ya mara mia. Tena chembe zake zina ncha: zinakitoboatoboa chuma kikawa na mikwaruzo midogo ambayo praima, ile rangi ya kwanza, inaing'ang'ania. Zile gololi ndogo za chuma, za mviringo, ambazo nazo hupigwa, hazikwaruzi hivyo.

Griti ina udhia wake, sitaficha. Kwa unyevu wetu wa pwani, ukiiacha wazi usiku mmoja asubuhi imegandana kama sukari guru. Inataka sakafu ya saruji, turubai pande zote na hewa kavu kutoka kwenye kompresa. Na helmeti ya kuletewa hewa safi bado ni lazima, maana rangi kuukuu nayo ina sumu zake.

Ninachoomba kwa maafisa wa usalama na afya kazini ni kimoja: wapite kwenye karakana za barabarani, si bandarini pekee. Waende asubuhi, kabla upepo haujaanza. Wingu lenyewe litawaonyesha njia.

Fundi mstaafu,
Likoni, Mombasa