Dume amemeza mayai tena? Soma hapa kabla hujamlaumu

Ujumbe unaotufikia kuliko mwingine wowote kutoka kwa wateja waliochukua kardinali wa Banggai kwetu ni huu: "Dume alikuwa na mayai mdomoni tangu wiki iliyopita. Leo asubuhi nimemkuta anakula kama kawaida, na mayai hayapo." Kisha hufuata maswali mawili. Je, samaki wangu anaumwa? Na je, safari ijayo niyatoe mayai mapema niyaangue mwenyewe? La kwanza jibu lake mara nyingi ni hapana. La pili jibu lake ni hapana kabisa.

Kwa asiyemfahamu, kardinali wa Banggai (kitaalamu Pterapogon kauderni) ni samaki wa baharini wa rangi ya fedha mwenye milia mitatu myeusi na mapezi marefu yenye vitone vyeupe, na dume ndiye anayeatamia mayai, mdomoni mwake. Hata akikomaa hafiki sentimita 10. Kwao ni Visiwa vya Banggai, mashariki mwa Sulawesi nchini Indonesia, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ya bahari, matumbawe, na urchini wenye miiba mirefu myeusi ambamo hujificha. Wanasayansi walimwandika mwaka 1933, lakini wafugaji wa akwariamu walimjua katikati ya miaka ya 1990, na hapo akaanza kuvuliwa kwa wingi mno. Kufikia 2007 IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) ilishamweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ukiuliza kwa nini sisi tunauza waliozaliwa kwenye matangi pekee, sababu mojawapo ni hiyo.

Sababu nyingine ni kwamba huyu ni mmoja wa samaki wachache wa maji ya chumvi wanaozalishika nyumbani bila maabara. Wengi wa baharini huanza maisha wakiwa viluwiluwi wadogo mno wanaoelea na mikondo, na kuwalisha kunahitaji mitungi ya mwani na ya rotifa (vijidudu vya majini) inayotunzwa usiku na mchana. Kuatamia mdomoni peke yake hakuondoi shida hiyo. Kardinali pajama (Sphaeramia nematoptera) naye dume lake huatamia mdomoni, lakini hutema baada ya wiki moja na kitu, tena viluwiluwi vidogo ambavyo kinywa chao hakipitishi hata mtoto wa Artemia (kamba mdogo wa maji ya chumvi anayetumiwa kulishia samaki). Samaki wachimbaji wa jenasi ya Opistognathus wako vivyo hivyo. Mteja akituuliza aanze na yupi, hatuna majibu mawili.

Banggai yeye huruka hatua hiyo ya kuelea. Jike hutaga bonge la mayai ya rangi ya chungwa, kila moja likiwa na upana wa milimita 3 hivi, yote yameshikana kwa nyuzi nyembamba. Dume hulipokea bonge hilo kwa kasi kiasi kwamba wafugaji wengi hawajawahi kuliona nje ya kinywa. Kuanzia hapo hali kitu. Mayai huanguliwa baada ya siku 20 hivi, ila vifaranga hawatoki. Hubaki humo humo siku nyingine kama 10 wakimalizia kiini. Siku wanapotemwa wana milia na mapezi kama wazazi wao, urefu chini kidogo ya sentimita moja, na wana njaa. Mara nyingi huwa kati ya 20 na 60.

Sasa, mbona anayameza?

Dume kijana humeza. Mzao wa kwanza kupotea ni jambo la kutarajiwa, wa pili pia, na hakuna dawa ya kumfundisha zaidi ya kumwacha ajaribu tena. Mayai yasiyorutubishwa nayo hayakai: dume huyatema au huyameza ndani ya siku chache, na ni afadhali iwe hivyo.

Sababu inayotusumbua zaidi ni njaa, kwa kuwa hiyo iko mikononi mwa mfugaji. Hebu fikiria samaki mwenye urefu wa kidole anayefunga karibu mwezi mzima. Akiingia kwenye mfungo huo akiwa mwembamba, mwili utachagua kati ya mayai na uhai, na utachagua uhai. Kwa hiyo chakula cha mzao huu hulishwa kabla ya mzao: mysis (jamii ya kamba wadogo), kamba waliokatwakatwa, Artemia wakubwa walioloweshwa mafuta ya samaki, mara mbili au tatu kwa siku, kwa wiki kadhaa. Chakula kikavu pekee hakitoshi. Na akishatema vifaranga usimrudishe kwa jike siku hiyo hiyo. Jike anaweza kuwa tayari kutaga tena upesi, na dume hatakataa hata kama mbavu zinahesabika. Mtenge, mlishe mpaka tumbo lijae, ndipo umrudishe.

Iliyobaki ni usumbufu. Mkono ndani ya tangi, mawe kupangwa upya, samaki mgeni, mwanga wa kamera usoni kila nusu saa ili marafiki waone mayai. Na wenzake pia. Banggai wachanga hukaa kundi moja kwa amani mpaka wawili wachaguane, kisha jozi hiyo huanza kuwafukuza wengine hadi kuwaua. Ukiona samaki wawili wamejitenga pembeni, jike akitetemeka ubavuni mwa dume na wote wawili wakimtimua kila anayesogea, watoe waliobaki siku hiyo, usingoje wikendi.

Tuseme na hili la kutambua dume na jike kwa macho. Utasikia kwamba dume ana ncha ndefu zaidi ya pezi la mgongoni. Sisi hatuliamini, mapezi hukatika na hukua. Njia ya uhakika kwa mtu wa nyumbani ni kununua wachanga watano au sita na kuwaacha waamue wenyewe, au kuchukua jozi iliyokwisha kutaga.

Turudi kwenye wazo la kumnyang'anya dume mayai. Linavutia kwa sababu mayai ni makubwa na yanaonekana imara. Lakini kinywani dume huyageuzageuza muda wote, huyapitishia maji mapya, na yaliyooza huyaondoa. Ukiyatoa, kazi hiyo yote ni yako: mtungi wa kuyazungusha bila kuyagonga, maji safi kupindukia, na ukungu unaoweza kushika yai moja asubuhi na bonge zima jioni. Kuna watu wanaofanikiwa. Wana vifaa, na wana muda wa kukaa hapo. Kwa mwenye tangi moja sebuleni, dume mvivu kuliko wote bado atamshinda.

Tunachoshauri ni kumhamisha dume mwenyewe akiwa na mzigo wake, na si kabla ya wiki tatu. Andika tarehe siku ile utakapoona kidevu kimevimba na amekataa chakula. Kuanzia siku ya 22 hadi ya 25 vifaranga wameshaanguliwa, kwa hiyo hata akishtuka akatema baadhi, kilichotoka kina nafasi ya kuishi. Usitumie wavu. Zima taa za tangi, ubaki na mwanga hafifu, umwongoze taratibu aingie kwenye chombo kinachoonyesha kilichozamishwa ndani ya maji, kisha umbebe na maji yake. Wavu humfanya afungue kinywa.

Tangi la vifaranga halihitaji ufahari. Lita 40 zinatosha, maji yatoke kwenye tangi la wazazi, joto liwe nyuzi 25 hadi 27, chumvi ya kawaida ya baharini (uzito linganifu 1.023 hadi 1.026). Chujio liwe la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, na sponji hiyo iwe imekaa kwenye tangi la wazazi kwa wiki kadhaa kabla ili bakteria wawemo tayari. Sponji mpya kutoka dukani ni njia ya haraka ya kupata amonia. Weka pia kitu cha kujifichia. Baharini vifaranga hawa hukimbilia kwenye miiba ya urchini. Sisi huchoma matundu kwenye kipande cha plastiki na kupachika vibanio vyeusi vya kufungia nyaya, vikitazama juu. Huingia humo ndani ya saa chache tu. Ni kitu cha kuchekesha kukitazama, na hakijatuangusha.

Na chakula. Hapa ndipo vifaranga wengi wanapopotea, na ndipo mfugaji anapodhani ana ugonjwa.

Kifaranga wa Banggai humeza mtoto wa Artemia aliyeanguliwa karibuni tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo linalofanya watu wajisahau. Mayai makavu ya Artemia huanguliwa kwa takriban saa 24 kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 27 hivi, mwanga, na hewa inayobubujika kwa nguvu. Anza kujizoeza wakati dume bado anaatamia, kabla hujawa na midomo inayokusubiri. Ukishazima hewa, maganda huelea juu na watoto wa Artemia hufuata mwanga. Wavute kwa mrija kutoka upande wenye taa. Maganda yakiingia tangini huziba matumbo ya vifaranga.

Tatizo ni kwamba Artemia ana asidi chache mno za mafuta za omega-3 ambazo samaki wa baharini hawezi kukua bila hizo, hasa DHA. Vifaranga watakula, matumbo yatakuwa ya chungwa, watakua kwa wiki mbili tatu, nawe utaona mambo yamenyooka. Kisha asubuhi moja unawasha taa ghafla, na nusu yao wanazunguka kama wamepigwa shoti, wanaanguka chini wakihema. Baadhi huinuka. Wengine ndio mwisho wao. Mteja hutuandikia akiomba dawa ya vimelea, ilhali kilichokosekana ni mafuta kwenye chakula tangu siku ya kwanza.

Dawa yake ni kumlisha Artemia kabla hajaliwa. Lakini usimwagie kirutubishi mara tu anapoanguliwa, kwa sababu kwa saa 12 hivi za mwanzo hana hata mdomo ulio wazi. Anaishi kwa kiini chake. Mngoje ajivue gamba la kwanza, ndipo umtie kwenye maji yenye kirutubishi cha DHA kwa saa nyingine 12 hadi 24, umsuuze, umlishe. Hii inamaanisha mitungi miwili inayopishana, mmoja wa kuangulia na mmoja wa kurutubishia. Artemia mbaya kuliko wote ni yule wa siku mbili ambaye hakulishwa: kiini kimekwisha, tumbo ni tupu, na kifaranga anayemla anashiba maji.

Lisha kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, na kila jioni nyonya mabaki kwa mrija mwembamba wa hewa. Acha taa ndogo iwake chumbani usiku ili asubuhi isiwashtue. Baada ya mwezi hivi anza kuchanganya mysis waliosagwa na chakula kingine kilichogandishwa. Usikatishe Artemia ghafla, maana wako watakaogoma kula kabisa.

Kwa anayetaka kuanza, tuna kundi la wachanga sita na jozi zilizokwisha kuatamia angalau mara moja hadi mwisho. Wote tunawatenga peke yao kwa wiki nne kabla ya kuwatoa. Tunashikilia hilo kwa sababu ya virusi aina ya iridovirus vilivyopatikana kwa Banggai wa kuvuliwa: samaki huingia dukani mzima, hupoteza hamu ya kula, rangi hubadilika, hufa, na tiba haipo. Ukinunua kwingine pia, mtenge mwenyewe. Tunauza sponji zilizokwisha kukaa kwenye matangi yetu na Artemia waliorutubishwa, kwa wasiotaka mitungi nyumbani. Vifaranga wakikuzidi tunawapokea, ilimradi wamefika sentimita 2 na nusu na wanakula chakula kilichogandishwa. Tafadhali usiwamwage baharini. Banggai waliotupwa nje ya visiwa vyao wamekwisha kuota mizizi kwenye Mlango wa Lembeh, kaskazini mwa Sulawesi, mahali ambapo hawakuwapo.

Ukituandikia kuhusu dume aliyemeza, tusaidie kwa kutaja mambo manne: ni mzao wake wa ngapi, alikula nini mwezi uliotangulia, ameatamia siku ngapi kabla ya kumeza, na nani mwingine yumo tangini. Picha ya ubavu inatosha, ilimradi usiipige kwa flashi.