Wauza hosting Arusha, semeni seva imebeba tovuti ngapi

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi tovuti za hapa kwetu kuanguka usiku, maana wenye lodge na kampuni za utalii wanalia na kila wakiuliza wanajibiwa mtandao mbovu, wakati mara nyingi mtandao hauhusiki kabisa.

Iko hivi, seva moja, yaani kompyuta ya muuza hosting anayekodisha nafasi ya kuweka tovuti, ikiwa inaendeshwa na mfumo wa Linux inaweza kubeba mamia ya tovuti kwa IP (anwani ya mtandao) moja, brauza inataja jina la tovuti inayoitaka na Apache, programu inayohudumia tovuti kwenye seva, inajua ifungue folda ya nani. Hapo sina neno, ndo maana bei zimeshuka. Ila Linux inawekea kila prosesi (programu inayoendeshwa) kikomo cha faili za kufungua kwa wakati mmoja na kwa kawaida ni 1024. Sasa fundi anampa kila mteja logi zake mbili, yaani faili za kumbukumbu, ya wageni na ya makosa, tovuti 500 tayari ni faili 1000, bado soketi (miunganisho) za wageni wenyewe, nazo zinahesabiwa kama faili, ukiongeza wateja wachache tu Apache inagoma kuwaka inalalamika faili zimezidi.

Na inagoma usiku kwa sababu ndo muda logi zinazungushwa, za zamani zinawekwa kando na mpya zinaanza, Apache inafunga faili zote halafu inafungua upya. Sisi tumelala, Marekani bado ni mchana au jioni, mtu anatafuta safari ya Kilimanjaro ya mwezi wa saba, ukurasa haufunguki, anahamia kwa mwingine. Na zinaanguka zote kwa pamoja, aliyelipa vizuri na aliyelipa kidogo. Inauma sana jamani.

Dawa ipo na haidai hela. Kikomo kinapandishwa kwa mstari wa LimitNOFILE kwenye mipangilio ya systemd, programu inayowasha huduma za Linux, ukiandika amri ya ulimit kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) haifiki kwa huduma inayowashwa na systemd, wengi wanakwama hapo. Mimi naona bora zaidi logi iwe moja kwa tovuti zote, kila mstari uanze na jina la tovuti, halafu programu ndogo ya split-logfile inayokuja na Apache yenyewe iwagawie wateja kila mtu chake. RAM (kumbukumbu ya kazi ya seva) nayo ina mwisho wake, hiyo hakuna mstari wa mipangilio wa kuiongeza.

Kwa hiyo mnaouza hosting, mteja aambiwe kabla hajalipa seva ina tovuti ngapi na kikomo ni ngapi. Na wewe mwenye lodge ukiambiwa tena ni mtandao, waombe logi ya makosa ya usiku huohuo uisome.

Msomaji wenu, Sakina, Arusha